Masinia ya Ndani na Masinia ya Nje

Mimi ni mpishi wa shughuli. Hapa Bagamoyo mjini ukiuliza yule mama wa pilau, utaletwa mpaka mlangoni kwangu, maana nimepika harusi, misiba, maulidi na hitima kwa zaidi ya miaka thelathini, na magoti yangu yanajua hesabu yake kuliko mie mwenyewe. Sisemi kwa kujisifu. Siku hizi hata nguvu ya kujisifu sina. Nasema ili ujue kwamba haya ninayoyaandika sikuyasoma mahali. Niliyapakua kwa mkono wangu huu.

Niliwahi kuitwa kupika chakula cha semina, kwenye nyumba moja ya wageni upande wa baharini. Semina yenyewe ilikuwa ya ubaguzi wa rangi. Mie nilikuwa nje, chini ya dirisha, namenya vitunguu, na ndani alikuwa anafundisha binti mmoja kijana, sauti yake ya mafua. Akasema kuegemea upande ni jambo la kila mtu. Unampenda huyu, unamdharau yule, hata humjui, moyo umekwisha kuamua. Lakini ubaguzi wa rangi, akasema, ni pale watu wanapopangwa juu na chini kwa rangi yao na asili yao, halafu mpango ule ukapewa nguvu. Ukawa ndio desturi. Ukaamua nani apite mlango gani, nani amwoe nani. Na ukishafika hapo, akasema, hata mtu asiye na chuki na mtu anautumikia tu.

Nikasonya. Wasomi nao! Nikajisemea chuki ni chuki, huyu mtoto hana kazi ya kufanya. Nikaendelea na vitunguu vyangu.

Leo ningemwomba radhi kama ningejua alipo. Ingawa na yeye kuna jambo hakulisema, nitalifikia.

Kwanza nieleze kazi. Harusi za kwetu chakula hutolewa kwenye masinia. Watu wanne au watano wanazunguka sinia moja, wananawa, wanakula kwa mkono. Mwenye amri ni mpakuaji, na kwenye shughuli zangu mpakuaji ni mie, sikubali mtu mwingine ashike upawa. Nakaa kwenye kigoda, sufuria mbele yangu, masinia yamepangwa kwenye mkeka, wasichana wanapokea, wanafunika kwa kawa, wanapeleka. Kuna masinia ya ndani na masinia ya nje. Ya ndani yanaingia sebuleni, kwenye mabusati na feni. Ya nje yanakwenda chini ya turubai. Ya ndani natia minofu, halafu juu namwagia zabibu na vitunguu vilivyokaangwa vikakauka, mpaka sinia lenyewe linapendeza. Ya nje natia wali wa kushiba, wallahi sijamnyima mtu wali, lakini nyama yake ni mbavu na shingo, ile ya kuguguna.

Na ndani wanakaa nani? Wageni. Na mgeni ni nani? Hapo sasa. Akija Mwarabu kutoka Tanga, huyo mgeni. Mhindi wa duka la vyuma, mgeni. Mzungu aliyekuwa anapita kupiga picha zake, hata jina la bwana harusi halijui, mgeni, tena atafutiwe kijiko. Akija mtu mweusi kama mimi, ametoka Zinga asubuhi, damu moja na bibi harusi, utasikia, "Karibu baba, pita pale turubaini." Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akaniambia fanya hivi. Nilikuta mama yangu akifanya, nami nikafanya. Nilikuwa nachungulia dirishani nione nani kakaa wapi, mkono ukachota wenyewe.

Sasa kuna mama mmoja mwenye duka la vitambaa kule mji mkongwe. Babu zake na babu za mumewe walitoka Arabuni. Yeye amezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kinanishinda mie. Harusi zote za nyumba ile nimepika mimi. Mume wangu alipofariki, mama huyu alifunga duka akaja kulala kwangu siku tatu, kwenye mkeka, bega kwa bega na mie, akanilisha uji kwa kijiko maana nilikuwa sitaki kula. Mambo hayo hayasahauliki. Mwanangu alikulia nyumbani kwao, kwa sababu mie niko jikoni kwao kila mara. Alikuwa anakula ukoko chini ya sufuria pamoja na binti yao mdogo, wananyang'anyana, nawafukuza kwa mwiko.

Wakakua, wakapendana. Sikushangaa hata kidogo. Mwanangu alikuwa keshapata kazi ya ualimu wa sekondari huko Msata, sigara hajui, pombe hajui, msikitini safu ya mbele. Akaniambia, "Mama, sitaki mambo ya kujificha. Nataka posa ipelekwe kwa heshima."

Tukaandika barua ya posa. Nikaifunga kwenye kitambaa cheupe nilichokipiga pasi mwenyewe, nikakifukiza udi, nikapiga fundo. Kaka yangu ndiye aliyekuwa mshenga, akavaa kanzu na koti, akaipeleka. Desturi ni kwamba wakikubali wanafungua, wanasoma, wanajibu. Wakikataa, barua inarudi ilivyokwenda.

Ilirudi baada ya siku nane. Fundo ni langu lile lile, halijaguswa, na kitambaa bado kinanukia udi.

Kaka akaketi, akavua kofia. Akasema ami yake binti amempokea vizuri sana, wamempa kahawa na halua. Halafu ami akamwambia kwa upole, "Kijana hana baya. Sisi wenyewe tumemlea. Lakini si kufu." Kufu ndiye mwenzio wa kulingana naye katika ndoa. Kaka akauliza, si kufu kwa lipi? Dini si moja? Elimu si anayo? Tabia? Yule mzee akakuna ndevu zake, akasema, "Unajua mwenyewe."

Na kweli tulijua. Wavulana wa nyumba ile wameoa kwetu, wawili wameoa Zinga, na hakuna aliyeuliza kufu. Lakini binti wa nyumba ile hajawahi kuolewa na mtu mweusi, wala hatarajiwi. Wanachukua, hawatoi. Nilikuwa najua hivyo tangu utotoni, na bado nilikaa nikapiga pasi kitambaa. Mapenzi ya mtoto yanamtia mtu ujinga.

Kesho yake mama mwenyewe akaja kwangu, macho yamevimba. Akanikumbatia mlangoni kabla hata ya salamu. "Dada'angu," akasema, "mie sina neno na mwanao. Ingekuwa ni mie naamua, mbona angemwoa leo!"

"Kwani anaamua nani?" nikamuuliza.

"Nyumba," akasema. "Nyumba yetu ndivyo ilivyo. Wewe si unaijua."

Nikamtazama usoni kwa muda mrefu. Nilikuwa naitafuta chuki. Sikuiona. Laiti ningeiona! Chuki ningejua la kuifanya, ningeitukana, ningeitoa nje kwa ufagio. Lakini mwanamke anayekulilia machozi ya kweli huku mlango wake umefungwa, utamfanya nini? Nilimchemshia chai. Tukanywa, tukaulizana habari za miguu na presha, akaenda zake. Hapo ndipo yalipoanza kuniingia maneno ya yule binti wa semina, nami sikutaka yaniingie.

Miezi mitatu haikutimia, mama akaja tena. Binti anaolewa na binamu yake kutoka Tanga. Akashika mikono yangu miwili. "Dada'angu, najua ni mtihani. Lakini nani mwingine atapika? Binti mwenyewe amesema hataki pilau ya mtu mwingine."

Nikakubali.

Nilimwambia mwanangu kazi ni kazi. Ulikuwa uongo, na yeye alijua. Nilikubali kwa sababu neno hapana halikuwahi kutoka kinywani mwangu mbele ya watu wa nyumba ile, hata sikujua linaanzia wapi. Mwanangu akasema, "Sawa, mama." Hakugomba. Bora angegomba.

Siku ya harusi nikapika kama kawaida yangu, masufuria matano, makaa juu na chini. Mchana msichana mmoja akaja jikoni akaniambia bibi harusi anaomba ukoko. Nikamkwangulia, nikauweka kwenye kisahani, nikampelekea. Machozi yalinitoka nikayasingizia moshi. Halafu nikashika upawa, masinia ya ndani, masinia ya nje, mpaka mgongo ukafa ganzi.

Jioni, jua halijazama, tulikuwa uani kwangu mimi, kaka na mwanangu. Kaka alikuwa amealikwa, maana na yeye ni mtu wa mtaa ule na ugomvi haukuwapo. Mtu wa mizaha, kaka yangu. Akasema, "Dada, leo nimekula shingo ya mbuzi mpaka taya zinaniuma. Hata mie ndugu yako, tumbo moja, wanipa shingo?"

Nikacheka. "Nilijuaje kama sinia lile ni lako?"

"Ungejua ungefanyaje?" Aliyeuliza si kaka, ni mwanangu.

Nikajitia kukanda magoti yangu.

"Mjomba ndiye aliyebeba posa yangu," akasema. "Wamemkalisha turubaini, sawa, kwao ni kwao. Lakini shingo ile hakupewa na wao. Alipewa na wewe. Nani alikufundisha kugawa hivyo, mama?"

"Hakuna," nikasema. "Ndivyo inavyofanywa."

"Umesema kama yule mama," akasema. "Nyumba ndivyo ilivyo."

Akainuka akaondoka. Na tangu siku ile mwanangu akaacha kula kwangu. Hakunikosea adabu, la. Kila Ijumaa akitoka Msata alipita, shikamoo mama, marahaba mwanangu, anakaa kidogo, ananiletea dawa yangu ya miguu. Nikipakua anasema ameshiba. Mwaka mzima mwanangu ameshiba! Mpishi ninayelisha mji, na mtoto niliyemzaa hatii tonge langu mdomoni. Sijui kama kuna adhabu inayouma zaidi kwa mtu wa kazi yangu. Nilikuwa namwaga chakula, nalia kwa hasira, namtukana yeye, namtukana marehemu baba yake kwa kuniachia mtoto mkaidi, kisha namwomba marehemu msamaha.

Siku moja akaja na neno jipya. Kapata mchumba, muuguzi wa zahanati huko huko anakofundisha. Nikapiga kigelegele peke yangu. "Kwao wapi?"

"Miono."

"Miono?" nikasema. "Kwa watu wa mashambani?" Maneno yalitoka kabla sijayashika. "Atajua kupika nini huyo zaidi ya ugali na kisamvu?"

Mwanangu hakukasirika. Akanitazama tu, kwa uchovu, kama daktari aliyekwisha kuona ugonjwa huo kwa wengi. "Bibi mzaa mama yako," akasema, "alizaliwa wapi?"

Alizaliwa Miono. Astaghafirullah. Mkwere safi, na kisamvu chake ndicho kilichonilea.

Basi nikakaa na aibu yangu siku kadhaa, nikajaribu kuitenganisha, hii ni ipi na ile ni ipi. Yangu ilikuwa maringo ya mtu wa mjini. Ilikuwa mbaya, ilimdharau mtoto wa watu ambaye hata sura sijaiona, lakini mwanangu alinishika nayo siku ile ile, nikaona haya, ikanywea. Haikuwa na ami wa kukuna ndevu. Haikuwa na ukoo nyuma yake wala kitabu cha nani kazaliwa na nani. Ile ya nyumba ya vitambaa hata ukiisema haioni haya, kwa sababu haina uso. Mama analia, ami ni mpole, binti anataka, na bado posa imerudi. Hiyo ndiyo tofauti, na yule binti wa semina alikuwa na haki yake.

Ila ambalo hakulisema ni hili: moja huizaa nyingine. Mie si wa nyumba ile, sina duka wala asili ya kujivunia. Lakini mtoto akizaliwa kwetu, jambo la kwanza tunamgeuza, tunatazama ncha za masikio tujue atakuwa mweupe au mweusi. Nilimtazama hivyo mwanangu alipozaliwa, bado nina uchungu wa uzazi, nikaona masikio meusi tii, nikasema moyoni haya, si kitu, ni mvulana. Nani alinituma? Hakuna. Hakuna aliyenilipa kwa hilo wala kunishurutisha. Nilikuwa naitumikia nyumba ya watu ndani ya tumbo langu, na nilidhani ni macho yangu mwenyewe.

Mwanangu akaniwekea sharti moja. "Siku yangu, mama, masinia yote sawa. La ndani, la nje, nyama ile ile, zabibu zile zile. Ukishindwa niambie sasa, nitafute mpishi Dar."

"Utafute mpishi? Harusi ya mwanangu?" Nilitaka kumrushia kigoda. "Nakuahidi. Wallahi nakuahidi."

"Basi nitakula," akasema.

Ndoa ilifungwa Miono, na siku ya pili ikawa walima kwangu, chakula cha mchana. Nilipika tangu alfajiri. Nikakatakata nyama mwenyewe nisimwachie mtu, nikaigawa mafungu, mnofu na mfupa, mnofu na mfupa, kila sinia na fungu lake. Wasichana wakaniuliza, "Bibi, haya ya ndani yako wapi?" Nikawaambia leo hakuna ya ndani. Wakatazamana. Nikapakua, nikahesabu, nikatazama tena. Nilikuwa nimechoka lakini moyo mweupe, sijui kama nimewahi kupakua hivyo tangu nianze kazi.

Wakwe walifika kutoka Miono, wanawake kumi na kitu, kanga mpya, miguu ina vumbi la njia. Niliwakalisha sebuleni kwangu, kwenye busati, chini ya feni. Mkubwa wao alikuwa bibi yake bibi harusi, mzee sana, meno yake ya kuhesabika, mdomo wake hautulii. Kwa utani wa bibi na wajukuu alikuwa keshamwita mwanangu "mume wangu" mara kumi, na kumwambia mke mdogo huyo atamchoka, arudi kwa mke mkubwa. Sebule nzima inacheka.

Ndipo akaingia mama wa vitambaa. Sikuwa na uhakika kama atakuja. Amekuja peke yake, na bajaji inamsubiri nje, amebeba kitambaa kizuri cha kumtunza bibi harusi. Alipokanyaga tu kizingiti, wale wanawake wa Miono wakainuka. Hawamjui! Hawajawahi kumwona! Waliona ngozi, wakainuka, "Karibu mama, karibu ukae hapa, hapa penye upepo," na yule bibi mzee, mkwe wangu, mgeni wangu wa heshima, akajikokota kwa makalio mpaka pembeni mlangoni.

"Kaeni jamani!" nikasema. "Bibi, rudi mahali pako."

"Aa, mwache mgeni akae," akasema bibi. "Mie hapa naona watu wanaopita."

Mama wa vitambaa akakaa pale penye feni. Wala hakufanya ubaya, alikaa tu, mahali ambapo amekaa maisha yake yote. Sinia likaletwa. Nikamwambia, "Dada, sogea, kula na wakwe zangu." Akalitazama sinia, akaitazama mikono iliyolizunguka. Akasema, "Dada'angu, tumbo limenisumbua tangu jana. Nifungie kidogo, nitakula nyumbani." Labda ni kweli tumbo lilimsumbua. Sijui. Utaulizaje? Yaani ndivyo inavyochosha, kwamba hujui kamwe, na ukiuliza wewe ndiye mbaya.

Nikaenda uani kufunga. Sufuria zilikuwa zimefika chini, wasichana wamekwenda kunawisha watu, limebaki sinia moja limefunikwa kawa, na nje bajaji inapiga honi. Nikachukua hotpoti, nikajaza, nikafunika, nikamtoa mama mpaka barabarani. Tukakumbatiana. Akalia tena, akasema, "Mungu awape kheri," na najua alisema kutoka moyoni. Bajaji ikaondoka.

Niliporudi, lile sinia la mwisho lilikuwa limepelekwa sebuleni, kwa bibi, maana alipohama mahali pake alikosa sinia la kwanza. Mwanangu alikuwa ameitwa aje kula na mke wake mkubwa, kama utani unavyotaka. Amevaa kanzu yake ya harusi, amekaa chini kwenye kizingiti pembeni ya bibi, amenawa. Mwaka na zaidi sijamwona akinawa mikono nyumbani kwangu. Nikasimama kwenye mlango wa uani nimwone anavyokula.

Bibi akafunua kawa.

Zilikuwa mbavu na shingo. Zabibu hakuna, mnofu hakuna hata mmoja. Bibi akainua kipande kimoja juu, watu wote wakione. "Mume wangu!" akasema. "Kumbe umeniita huku unipime meno?"

Sebule ikaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakajifuta macho kwa kanga. Na mie pale pale nikaona yote, nikiwa nimesimama. Nililifunua sinia lile. Nilitoa minofu, nikakusanya zabibu zilizokuwa juu, nikavitia kwenye hotpoti, nikajazia sinia kwa mifupa ya chini ya sufuria, nikalisawazisha kwa upawa, nikafunika. Haki ya Mungu sikumbuki kuamua. Nilisikia honi, nikamwona anasubiri, mkono ukafanya.

Mwanangu alicheka pamoja na wenzake. Akakichukua kile kipande mkononi mwa bibi, akakinyambua taratibu, vinyama vidogo vidogo, akamwekea mbele yake ale. Kisha akainua macho akanitazama. Upawa nilikuwa nimeushika bado.

Nilingoja anyanyuke aondoke. Hakunyanyuka. Akasogea kidogo, akaacha nafasi kati yake na bibi.

"Mama," akasema, "njoo ule."

Miaka yote ile mie hula ukoko jikoni, watu wakishaondoka. Sikuwahi kukaa kwenye sinia la nje. Nikaweka upawa chini, nikanawishwa, nikakaa. Bibi akanipiga pajani kwa furaha, "Haya mkwe, karibu mifupa." Nikachukua shingo. Ilikuwa ngumu, nyama yake imekwama ndani ya mfupa, unahangaika nayo na hupati kitu. Mwanangu akala pembeni yangu mpaka sinia likaisha.